Waonyeshe wenzako

Mpiga picha za mitaani huipenda picha yake kwa jasho aliloitolea. Mwenzake halioni jasho, anaona picha tu. Ndiyo faida ya kuonyeshana. Kati ya 1936 na 1951, Photo League ya New York iliwakutanisha wapenzi wa kamera wakajadili kazi zao bila kuoneana haya, Lisette Model akiwemo. Ni kweli, sifa zikigawiwa kama njugu kila mtu huishia kuiga mtindo mmoja. Utaniambia pia Vivian Maier alipiga picha katika mitaa ya Chicago kimyakimya, na alikuwa hodari. Alikuwa, tena sana! Lakini aliacha mamia ya mikanda isiyosafishwa, na leo watu asiowajua ndio wanaoamua picha zipi tuzione.