Mikwaruzo Miwili

Mwezi uliopita nilinunua simu mpya katika duka moja la Kariakoo. Nilikuwa nimeiwekea akiba tangu baada ya Pasaka, na siku ya kulipa shilingi 480,000 nilizihesabu noti mara mbili kama mtu anayeagana nazo. Kijana wa dukani alikata nailoni ya boksi mbele ya macho yangu, akaweka laini, akabandika protekta, akaivalisha kava, akanipa risiti. Sikuikagua. Nani anayekagua kitu kipya?

Usiku wa siku ya tatu nilivua kava nifute vumbi, nikaona mikwaruzo miwili ubavuni, karibu na tundu la chaji. Ni myembamba kama unywele, na urefu wake hauzidi punje ya mchele. Simu yenyewe inapiga, inapokea, na chaji inakaa. Ila nililipia bei ya simu isiyo na mkwaruzo, na usingizi ulinipaa.

Mdogo wangu alinishauri bila kufikiri sana: "Rudisha, dada. Waambie umeikuta hivyo." Mzee mmoja wa kanisa, tulipokuwa tunatoka kwenye ibada ya jumuiya, alisema kinyume chake. "Mama, achana nayo. Mkristo hagombani kwa ajili ya alama mbili." Nilirudi nyumbani na mashauri mawili, na hakuna hata moja lililonituliza.

Naanza na la mzee, kwa sababu ndilo linalofanana na utauwa. Kuna upole ambao ni tunda la Roho, na kuna upole ambao ni woga wa kusimama kaunta na kusema. Mimi nao huo wa pili ninao, najijua. Kudai ulicholipia si tamaa. Tena kama simu ile ilikuwa imetumika na mtu, ikafutwa na kurudishwa kwenye boksi ili iuzwe kama mpya, basi huo ni wizi, na kunyamaza kwangu kungemwacha mnunuzi anayefuata aibiwe vilevile. Nilibonyeza *#06#, nikalinganisha ile namba ya tarakimu 15 na iliyoandikwa kwenye boksi. Zilikuwa sawa. Lakini hilo linaonyesha tu kwamba simu na boksi ni vya pamoja. Halisemi kama kuna mkono uliotangulia kuishika. Na yale maneno ya kwenye risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayakunitisha. Haki ya mtu haifutwi kwa muhuri wa mpira.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kurudi dukani. Kilichonikwamisha ni maneno matatu ya mdogo wangu: waambie umeikuta hivyo.

Je, niliikuta hivyo? Siku ile ya kwanza binti yangu aliomba kuiona. Nilivua kava, akaishika, akaiweka juu ya meza yangu ya cherehani, kwenye mikasi na pini. Ilikaa pale labda nusu saa. Inawezekana mikwaruzo ilitoka kiwandani, inawezekana ilitoka dukani, na inawezekana ilitoka mezani kwangu. Sijui. Na mtu asiyejua akisema kwa uhakika, ametoa ushuhuda wa uongo hata kama baadaye itagundulika kwamba alibahatisha kweli. Amri ile haikuwekwa kwa ajili ya mahakamani peke yake. Inamlinda jirani, na jirani wa kaunta ile ni yule kijana. Mwimbaji mmoja wa kwaya yetu aliwahi kuuza simu. Aliniambia kwamba pale alipokuwa, kitu kikirudi kina alama, hasara ilikatwa kwenye mshahara wake. Mwenye duka halipi. Anayelipa ni aliyesimama karibu.

Hapo ndipo lilinijia gauni.

Mimi ni mshonaji. Kabla ya hayo yote mteja aliniletea gauni nililomshonea, akanionyesha doa la mafuta ya cherehani kwenye pindo, dogo kama mbegu ya ufuta. Nilicheka kidogo, nikamwambia, "Hilo halionekani, ukifua linatoka." Akaondoka nalo. Sikumpunguzia hata senti. Alama yangu ilikuwa kubwa kuliko mkwaruzo wa simu, tena nilijua kwa hakika kwamba imetoka kwangu, na nililala fofofo.

Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamkataza mtu kuweka mfukoni mawe mawili ya mizani, moja zito na jingine jepesi. Zamani zile fedha ilipimwa kwa uzito, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mawe kama hayo katika nchi ya Yuda, ya shekeli moja, kama gramu 11 hivi, yanaenea kiganjani. Mwenye hila alipimia kwa zito alipopokea na kwa jepesi alipotoa. Nilikuwa nikidhani hilo ni neno la wauza sukari na wauza nyama. Kumbe mimi nina jiwe la mnunuzi, ambalo mkwaruzo wa unywele ni mzito kwake, na nina jiwe la fundi, ambalo doa la mafuta si kitu. Mithali 20:14 nayo inamtaja mnunuzi anayeikashifu bidhaa mbele ya muuzaji, kisha akifika mbali anajisifia alivyopata. Kusema kweli, nilishaanza kupiga hesabu ni elfu ngapi wangenipunguzia.

Jumamosi nilikwenda. Nisingeacha kwenda, kukaa nyumbani nikinung'unika juu ya duka lile kungekuwa kusengenya tu. Kijana aliniamkia, nikaitikia, nikavua kava.

"Mwanangu, ina mikwaruzo hapa. Niliiona siku ya tatu. Sijui kama ilikuja nayo au imepata kwangu, maana niliiweka kwenye meza ya kushonea."

Aliielekeza kwenye taa, akaigeuza muda mrefu. "Mama, hata mimi sikuiangalia siku ile," alisema. "Nilikuwa na haraka." Akaenda nyuma kuongea na bosi wake. Bosi alikuja, akaniuliza mara mbili kama nina hakika iliharibikia kwangu, nikamjibu mara mbili kwamba sina hakika upande wowote. Nadhani alitaka nimrahisishie kazi. Mwishoni akasema hataibadilisha. Nilimwomba jambo moja, wawe wanazifungua na kuzikagua pamoja na mteja kabla ya kuvalisha kava. Kijana akaitikia kwa kichwa, bosi alishageuka.

Nilipanda daladala nikiwa na simu ileile. Sitasema nilifurahi. Elfu 480 ni gauni nyingi.

Mteja wa lile doa sijampata bado. Namba yake haikuhamia kwenye simu mpya, imebaki kwenye ile ya zamani ambayo betri yake imechoka. Nimeichomeka kwenye chaji leo asubuhi.