Mhojiwa Namba 4 Ana Jina

Ukisoma tasnifu nyingi za fasihi simulizi, kuna neno utalizoea mpaka usilione tena: mhojiwa. "Mhojiwa namba 4 alieleza kwamba..." "Kwa mujibu wa mhojiwa wa 11, wimbo huu huimbwa..." Unasoma, unapita, unaendelea. Lakini hebu simama kidogo. Huyu namba 4 aliyemghania mtafiti beti 40 bila kushika karatasi, ni nani? Mwananadharia wa Ulaya aliyenukuliwa kwenye ukurasa huohuo ana jina, ana mwaka, ana mpaka namba ya ukurasa wa kitabu chake. Mwenye shairi ana namba tu, kama mgonjwa aliyepanga foleni.

Swali langu ni jepesi kuliuliza, ila kulijibu ni shughuli: je, ni haki kuficha jina la mtu ambaye maarifa yake ndiyo yaliyokupa shahada?

Nianze na mahali ninaposimama. Mimi ni mwandishi wa habari. Baada ya miaka kadhaa ya kazi nilirudi chuo kusoma shahada ya umahiri kwa njia ya utafiti. Kwa wasioijua njia hii, madarasa si mengi. Unaandika pendekezo, unapewa msimamizi, unakwenda uwandani, kisha unarudi na kurasa mia na ushee ambazo utazitetea mbele ya watahini. Mada yangu ilikuwa mashairi ya wazee wa upande wa Pangani, yale yanayokaa kichwani mwa mtu na hayajawahi kuingia kitabuni.

Hapo ndipo kazi zangu mbili zilipogombana. Kwenye chumba cha habari, ukimpelekea mhariri habari yenye "chanzo kimoja kilisema", swali la kwanza ni: kwa nini hana jina? Lazima uwe na sababu. Atafukuzwa kazi, au atapigwa, au atafungwa. Bila sababu ya aina hiyo, jina linaandikwa, maana msomaji ana haki ya kujua anayesema ni nani. Chuoni mambo yamegeuzwa. Kuficha ndiyo kawaida, na anayetaka kutaja ndiye anayetakiwa kujieleza.

Tuseme ukweli, kanuni hii haikuzuka hewani. Ilitoka kwenye maumivu. Mwaka 1947, baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi waliofanyia watu majaribio makambini, iliandikwa Kanuni ya Nuremberg iliyosema mtu hafanyiwi jaribio bila hiari yake. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kikatoa Azimio la Helsinki. Na kule Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 mpaka 1972 wanaume Weusi wapatao 600 waliwekwa kwenye utafiti wa kaswende bila kuambiwa ukweli, na waliokuwa wagonjwa wakaachwa bila penisilini hata pale ilipokwishakuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Ukiyajua hayo, unaelewa kwa nini chuo kinakulazimisha kujaza fomu na kulinda siri za watu. Mtu aliyekwambia ana ugonjwa fulani, au alibakwa, au alikimbia jeshi, jina lake ni amana. Ukilitoa umemuua mara ya pili.

Lakini kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mgonjwa imehamishiwa kwa malenga bila kubadilishwa hata nukta. Mgonjwa hakuuchagua ugonjwa wake. Malenga ameitunga kazi yake. Wa kwanza ukimtaja unamwumbua, na wa pili usipomtaja unamwibia. Kuwaweka wote wawili kwenye fomu moja ni uvivu uliovaa joho la maadili.

Huko Pangani nilikutana na mzee mmoja aliyenifundisha hili kwa maneno machache kuliko nitakayotumia hapa. Kumfikia tu ilikuwa safari ya mihuri: barua ya chuo, barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, kisha mtendaji wa kijiji. Watu wote hao walikuwa wameniruhusu kuchukua mashairi kabla mwenye mashairi hajaulizwa. Nilipofika kwake, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikampa fomu ya ridhaa. Akavaa miwani, akasoma yote, taratibu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwanangu, hapa pameandikwa jina langu halitatajwa. Kwani nimefanya kosa gani?"

Nikamweleza habari za usiri, na kwamba ni kwa usalama wake. Akacheka. "Usalama na nani? Hapa kijijini nani asiyejua kuwa mashairi haya ni yangu? Unayenificha naye ni yule atakayesoma kitabu chako. Na shairi lisilotajwa mwenyewe ni kama mbuzi asiye na kamba. Kila apitaye atasema ni wake."

Fomu hakuitia saini siku ile. Msimamizi wangu alinishauri nimpe namba tu niendelee, au nitafute mzee mwingine, kwa sababu muda ulikuwa unakwenda na ada nayo ina tarehe zake. Ni ushauri wa mtu mwema anayetaka mwanafunzi wake amalize. Lakini ukiutazama vizuri, maana yake ni kwamba haki ya mzee ina bei, na bei yenyewe ni muhula mmoja wa mwanafunzi. Nikaandika barua kwenye kamati, nikaambatanisha ombi la mzee lenye saini yake, nikasubiri. Jibu lilichukua wiki saba. Jina lake limo kwenye tasnifu, juu ya kila shairi lake. Hapa simtaji, kwa sababu ruhusa aliyonipa ilikuwa ya kitabu cha chuo. Ya mtandaoni sikuiomba.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi watu wa Kiswahili hatukuhitaji kufundishwa jambo hili. Desturi yetu wenyewe ilikuwa imekwishalimaliza. Fungua tenzi za zamani, uende kwenye beti za mwisho: katika tenzi nyingi mtungaji hujitaja jina, ukoo, mji, na pengine mwaka wa Hijra. Anaweka muhuri wake ndani ya kazi ili mnakili hata akitaka kuutoa, vina vimkatalie. Na katika elimu ya dini iliyofundishwa misikitini na madrasani pwani nzima, habari ya mtume haina uzito bila isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Msemaji asiyejulikana anadhoofisha habari. Yaani katika utamaduni huu jina ni sehemu ya ukweli wenyewe. Sasa anakuja mtafiti, eti kwa jina la uhakika wa kisayansi, anakata mnyororo huo katika pete yake ya mwisho, ile iliyo hai.

Na hasara yake tunaijua, tumeshaiona. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Aliandika kwa Kiswahili kizuri habari za Waswahili: kuzaliwa kwa mtoto, harusi, ngoma, utumwa, sheria. Kitabu kilipotoka Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, jina la jaladani lilikuwa la Carl Velten. Ilifika mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, ndipo Mtoro akawekwa kwenye anwani ya kitabu. Miaka 78. Mwenyewe alikwishakufa tangu 1927. Na hata anwani hiyo mpya inasema kazi ni ya Mtoro "na Waswahili wengine". Sikwambii namna maneno hayo matatu yanavyonichoma kila nikiyaona. Waswahili wengine hao walikuwa na majina, walikuwa na mama zao waliowaita kwa majina hayo.

Tunawalaumu wakoloni kwa hilo, na ni haki yetu. Lakini Velten alimtaja Mtoro katika dibaji yake. Tasnifu nyingi za leo, zinazoandikwa na sisi wenyewe juu ya babu na bibi zetu, hazifiki hata hapo. Dibaji inamshukuru Mungu, msimamizi, mume au mke, na wanadarasa wenzangu. Mwisho kabisa: "na wahojiwa wote".

Kuna kichekesho kingine. Vyuo vingi sasa hupitisha tasnifu kwenye programu ya kubaini wizi wa kitaaluma. Ukiiba sentensi moja ya profesa aliyoichapisha, programu inaipaka rangi na unaitwa ofisini. Lakini ukichukua fasili nzima ya mzee, namna alivyokutofautishia shairi na wimbo kwa akili yake mwenyewe, ukaiandika kama uchambuzi wako, programu inakupitisha safi. Haijui kusoma kinywa cha mtu. Kwa hiyo maana ya wizi imekuwa ni kuchukua kwa aliyechapisha. Asiyechapisha haibiwi, "anakusanywa".

Sasa, kabla hujakubaliana nami haraka, nikupe kisa kinachonipinga. Wilaya hiyohiyo kuna mama mmoja, somo anayeheshimika, ambaye alinighania nyimbo za kumfunda mwali. Nikamwuliza, kwa furaha ya mtu anayedhani ana zawadi mkononi, kama angependa jina lake litajwe. Akanitazama kama niliyemtukana. "Jina la nini? Nyimbo hizi si zangu. Mimi nimeachiwa tu. Na wewe nimekupa kwa kuwa ni mwanamke, usije ukazimwaga barabarani."

Kwake yeye jina lingekuwa aibu, tena lingekuwa uongo, maana angejitwalia mali ya wengi. Na wala kumpa namba kusingetosha. Namba ingemficha yeye, lakini ingezianika nyimbo. Alichotaka kilindwe ni nyimbo zenyewe, na fomu haina kisanduku cha hilo, kwa sababu fomu inadhani chenye siri ni mtu tu. Nyimbo hizo hazimo kwenye tasnifu yangu. Sura ya 4 ni fupi kuliko nilivyoipanga, na mtahini mmoja aliniuliza kwa nini. Nikamjibu: kwa sababu niliambiwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa ubishi wangu haukuwa hasa juu ya kutaja au kutotaja. Mzee alitaka jina, mama hakutaka, na wote wawili walikuwa sahihi. Lililo baya ni mtu wa tatu, aliyekaa ofisini, kuwaamulia wote wawili kabla hajawaona, kisha akauita uamuzi huo ulinzi. Ulinzi ambao mlindwaji hakuuomba na hawezi kuukataa una jina jingine.

Najua mtu ataniambia: jina haliliwi. Wewe unarudi mjini, mshahara unapanda, yeye anabaki na jina lake ndani ya kitabu kilichofungwa kabatini. Ni kweli, na sina jibu la kulimaliza hilo. Shahada ni mali, na mali hiyo imetoka kwenye mifuko miwili. Lakini umaskini wa malipo si sababu ya kunyima na jina pia. Hilo ni deni dogo kuliko yote na ndilo lisilogharimu chochote. Asiyeweza kulipa dogo, sijui tutamwaminije kwa kubwa.

Kuna deni jingine lililo ndani ya uwezo wa mwanafunzi: kurudisha. Sisi wa Kiswahili tuna bahati kwamba tasnifu zetu huandikwa kwa Kiswahili. Mjukuu wa mzee anaweza kuisoma, akakuta pale ulipomwelewa babu yake vibaya, akakupigia simu kukurekebisha. Ukishajua kwamba ukurasa huu utasomwa na mjukuu wa mtu, unaandika kwa adabu nyingine kabisa. Unapunguza kujigamba. Unaacha kusema "jamii hii inaamini" pale ulipoongea na watu watatu.

Kwa hiyo kama uko njiani kwenda uwandani, au una mdogo wako anayejiandaa kwenda, ushauri wangu ni huu. Fomu yako iwe na mstari unaouliza, usiwe na mstari unaotangaza. Uliza kama atajwe, atajwe vipi, na kuna nini kisichotakiwa kutoka. Kisha ukubali jibu hata likikupunguzia sura, hata likikuongezea muhula. Watahini watakuuliza mbinu yako ya utafiti ni ipi, nawe utawajibu kwa istilahi walizozizoea. Wewe mwenyewe utajua kwamba mbinu yako ilikuwa ile tuliyofundishwa nyumbani kabla ya kuijua shule: kitu cha mtu hakichukuliwi mpaka mwenyewe aseme chukua, na ukiulizwa umekipata wapi, unamtaja aliyekupa, ikiwa yeye ameridhia kutajwa.