Tarikhi ni Darasa ya Mwenye Kushika Amri

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Watu wengi hudhani ya kuwa tarikhi ni masimulizi ya wazee ya kupitishia usiku, na ya kuwa mtu aliyepewa amri ya watu, akiwa ni mkubwa wa mji au msimamizi wa msikiti au mjumbe katika baraza ya serikali, yamtosha kujua mambo ya leo. Husema, "Yaliyopita yamepita." Maneno haya ni matamu masikioni, walakini ndani yake mna hatari kubwa, kwani mwenye amri hakosei peke yake. Mtu wa kawaida akipotea njia huumia yeye na nyumba yake. Mwenye amri akipotea, huumia hatta mtoto ambaye hajazaliwa.

Na lau khabari za waliopita zingekuwa hazina faida, Qurani tukufu isingalijaa visa vya Adi na Thamudi na Firauni. Mwisho wa Sura Yusuf Mwenyezi Mungu amebainisha ya kuwa katika visa hivyo mna mazingatio kwa wenye akili. Basi visa havikuteremshwa vipendeze tu, vimeteremshwa vizingatiwe.

Wanavyuoni wa zamani walilijua jambo hili. Imepokewa ya kuwa katika Baghdad waziri mmoja aliletewa barua iliyodaiwa kuwa ni ya Mtume (S.A.W.), yenye kuwasamehe watu wa Khaybar kodi ya jizya, na ndani yake yameandikwa majina ya masahaba walioshuhudia. Waziri akaipeleka kwa al-Khatib al-Baghdadi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 463 wa Hijra (1071). Al-Khatib akaitazama, akasema ni ya uwongo. Alipoulizwa dalili, akajibu ya kuwa mashahidi wake ni Muawiya na Saad bin Muadh. Na Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7, ilhali Muawiya alisilimu mwaka wa 8, na Saad alikwisha kufa mwaka wa 5. Hakuhitaji askari wala mateso. Miaka mitatu aliyoihifadhi kichwani ilitosha kumwokoa waziri na udanganyifu.

Walakini kumfichua mwongo ni faida ndogo ya tarikhi. Faida kubwa ni kumwonyesha mwenye amri mwisho wa jambo ambalo yeye anaona mwanzo wake tu. Na mfano wa haya hauko mbali, bali uko katika pwani hii, kutoka Lamu hatta Unguja.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, asipate makaribisho mema, akaenda Malindi, akapokewa kwa heshima. Malindi na Mombasa zilikuwa na uhasama wa zamani, na mkubwa wa Malindi aliona kuwa amepata rafiki mwenye mizinga. Mwanzo wake ulikuwa mtamu: mwaka 1505 Wareno waliipiga Mombasa wakaichoma moto, na mwaka 1528 wakairudia tena. Hatimaye mfalme wa nyumba ya Malindi akaletwa Mombasa kukaa katika kiti cha hasimu wake, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga ngome yao kubwa pale pale. Lakini tazama mwisho. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa nyumba ile ile ya Malindi aligombana na wakubwa wa ngome, akauawa kwa hila yao. Na mwanawe, Yusuf, akachukuliwa Goa angali mdogo, akalelewa katika dini ya Kikristo. Mwaka 1631 Yusuf aliwageukia Wareno akaiteka ngome, kisha hakuweza kukaa, akaiacha mwaka uliofuata akawa mtu wa kutangatanga baharini. Mzee alimkaribisha mgeni ili amshinde jirani, na kitukuu akakosa mahali pa kulala.

Na kiasi cha mwaka 1813 watu wa Lamu walipigana Shela na watu wa Pate pamoja na Mazrui wa Mombasa. Lamu ikashinda ushindi mkubwa ambao hatta leo watu wake huukumbuka. Walakini wakaogopa kisasi, wakapeleka ujumbe kwa Seyyid Said bin Sultan kuomba ulinzi. Akawaletea liwali na askari. Basi mji ulioshinda vita kwa mikono yake mwenyewe ukaingia chini ya amri ya mwingine kwa sababu ya khofu ya ndugu zake.

Mazrui nao, kwa kumkhofu huyo huyo Seyyid Said, waliomba bendera ya Waingereza, nayo ikapandishwa Mombasa mwaka 1824. Mwaka 1826 ikateremshwa, wakabaki peke yao. Na alipokufa liwali wao Salim bin Ahmad mwaka 1835, waligombana wao kwa wao juu ya ukubwa, na baadhi ya wakubwa wa mji wakaelekea upande wa Seyyid Said, hatta mwaka 1837 akaupata mji. Wakubwa wa Mazrui wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi.

Je, nyumba ya Seyyid Said ilizingatia? Alipofariki mwaka 1856, wanawe walikhitilafiana. Mwaka 1859 Seyyid Barghash alisimama kumpinga nduguye Seyyid Majid, na Majid akasaidiwa na Waingereza kwa watu na mizinga. Barghash akapelekwa Bombay, na Majid akabaki katika kiti chake. Haikupita miaka 31 tangu siku ile illa Unguja yote, mwaka 1890, ikawa chini ya himaya ya Waingereza.

Msomaji aweke mambo haya manne mbele yake kama mtu anayepanga vikombe juu ya sinia. Miaka ni mbalimbali, na watu ni mbalimbali, na msaidizi mara ni Mreno, mara ni Mwislamu wa Oman, mara ni Mwingereza. Lakini njia ni moja: ndugu humkhofu nduguye kuliko anavyomkhofu mgeni, kisha humwita mwenye nguvu, na mwenye nguvu hamalizi kazi akaondoka. Na kila mmoja katika waliomwita alidhani kuwa yake ni ya namna nyingine.

Wala haimfalii msomaji kuwacheka waliokufa, wala kuwatukana. Malindi ilikuwa dhaifu mbele ya Mombasa, na khofu ya Lamu ilikuwa ya kweli. Walikuwa watu wenye akili, wengine wenye ibada, na sababu zao zilikuwa nzito. Hapa ndipo penye darasa yenyewe: kwamba mtu mwenye akili na sababu nzito aweza kuuza mji wake naye asijue kuwa anauza. Anayewasoma kwa dharau hatafaidika, kwani atajiona yeye si kama wao. Na anayewasoma kwa unyenyekevu ataiona sura yake mwenyewe.

Huenda mtu akapinga, akasema, "Je, kutaka msaada kwa mtu wa nje ni haramu? Mbona Mtume (S.A.W.) katika Hijra alimwajiri Abdullah bin Uraiqit amwongoze njia, naye hakuwa Mwislamu?" Jawabu ni kwamba neno hilo ni kweli, na ndilo linaloonyesha tofauti. Mtume alimwajiri mtu kwa kazi inayojulikana na ujira unaojulikana, na kazi ilipokwisha, naye alikwisha. Tena hakumwajiri ili ampige ndugu yake. Basi tarikhi haisemi kuwa kila msaada ni mbaya. Humfundisha mwenye amri aulize maswali matatu kabla ya kunyosha mkono: Msaada huu ni juu ya nani? Bei yake ni nini? Na kazi ikiisha, ni nani atakayemwondoa msaidizi? Asiyeweza kujibu la tatu, na anyamaze, arudi kwa nduguye wapatane, ijapokuwa kwa hasara.

Na mambo haya si ya wafalme peke yao. Msikiti ukigombaniwa juu ya wakfu, na kila upande ukakimbilia kwa mkubwa wa nje ili aushinde upande wa pili, hiyo ndiyo Shela katika ukumbi wa msikiti. Atakayeshinda atashangilia mwaka mmoja, kisha wote wawili wataomba ruhusa kwa yule waliyemwita ili wapate kutengeneza paa lao wenyewe.

Kwa hiyo ni wajibu kwa mwenye kushika amri asome tarikhi, au awe na mtu wa kumsomea. Tena asisomewe sifa za babu zake peke yake. Anayesikia ushindi wa ukoo wake tu, huyo hasomi tarikhi, bali anapakwa mafuta. Na asomewe makosa yao, mbele ya wanawe, kwani wao ndio watakaokaa mahali pake, na khofu ile ile itawajia usiku mmoja, na mtu mwenye nguvu atakuwa mlangoni, amekuja kwa upole, anasema, "Nitakusaidieni."

Mwenyezi Mungu awape wenye amri macho ya kuona mwisho wa mambo kabla ya kuufikia, na aziunganishe nyoyo za Waislamu. Amin.