Tumsaidie Mwanafunzi Amalize

 

Neno letu: Danieli 1:1-20.

Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa vijana waliotolewa kwao na vita. Walipelekwa Babeli, wakapewa majina mapya, wakaanza kusoma kwa lugha isiyo ya mama zao. Masomo yao yalipangiwa miaka 3. Tumezoea kuhubiri juu ya chakula walichokataa, na ni vema. Lakini tuutazame pia mstari wa 18: siku zilizowekwa zilitimia, nao wakaletwa mbele ya mfalme. Vijana hawa walimaliza.

Sasa tujiangalie sisi. Kijana wetu akipata nafasi ya chuo au ya kozi ya ufundi, tunamwita mbele ya kanisa, tunamwombea, akina mama wanapiga vigelegele. Baada ya miezi sita tunamwona ameketi nyumbani. Hakuna anayemuuliza. Mioyoni tunasema: huyu hakuwa na bidii.

Na nafasi zenyewe ni chache. Kwa hesabu ya UNHCR, vijana wakimbizi wanaofika elimu ya juu ni wachache sana.  Mmoja akiacha njiani, ni hasara yetu sote.

Je, ni uvivu? Tuangalie mahali ambapo jambo hili limechunguzwa. Huko Marekani kuna vyuo vya jamii, vya miaka miwili, vinavyopokea karibu kila mtu: anayefanya kazi usiku, mama mwenye watoto, mgeni anayejifunza Kiingereza. Wamo pia ndugu zetu waliohamishiwa huko. Wengi huanza, wengi huishia njiani. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi alitakiwa kusoma muda wote, si nusu-nusu. Naye alipewa mshauri wa kukutana naye mara kwa mara, vitabu, nauli, na karo iliyopungua.

Watafiti walichukua wanafunzi wa familia maskini, waliokuwa nyuma katika masomo ya msingi, wakawagawa kwa kura. Baada ya miaka 3, walioingia katika mpango walihitimu 40 kati ya 100. Wenzao waliobaki na msaada wa kawaida walihitimu 22. Vyuo vitatu vya jimbo la Ohio vilipofuata njia hiyo, waliohitimu walikaribia mara mbili pia. Wapendwa, kura haijui nani mvivu na nani mwenye bidii. Waliomaliza walikuwa watu wale wale, ila walishikwa mkono.

Turudi kwa Danieli. Kwanza, hakusoma peke yake, walikuwa wanne. Pili, palikuwa na msimamizi aliyewatazama siku kwa siku. Tatu, chakula chao kilikuwa na mtu wa kukileta. Mungu ndiye aliyewapa maarifa, mstari wa 17, lakini alipitia mikono ya watu.

Basi tufanye nini?

Vijana wanaosoma wawe na kikundi. Asiyeonekana darasani afuatwe siku hiyo hiyo.

Kila mwanafunzi awe na baba au mama mmoja wa kanisa wa kumuuliza kila juma: umekwenda? Nini kinakuzuia? Aulizwe kwa upendo, asihukumiwe.

Katika sadaka yetu, hata kama ni kidogo, tutenge sehemu ya nauli, daftari na vocha ya simu. Na binti mwenye mtoto mchanga, akina mama wapeane zamu ya kumshikia mtoto.

Wazazi, siku ya mgao tusimtoe mtoto darasani akasimame foleni.

Tuseme na hili, ingawa linauma. Wapo walioacha kozi kwa sababu familia iliitwa mahojiano ya kwenda nchi ya tatu. Walisema, ya nini kusoma, sisi ni watu wa kuondoka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimekwisha funga mizigo zilibaki. Kozi nayo ilikuwa imepita. Yeremia 29 anawaandikia watu wa uhamisho wajenge, wapande, walee watoto pale pale walipo. Cheti hakimzuii mtu kusafiri. Anayekwenda atakwenda nacho, anayebaki atabaki nacho, na anayerudi nyumbani siku ya amani atarudi nacho.

Nawe uliyekwisha acha, usione haya kuja kanisani. Tutakuja kwako kwanza sisi, tukae, tutafute pamoja njia ya kurudi. Paulo aliwahimiza Wakorintho wamalize walichoanza kwa moyo, kila mtu kwa kadiri ya alicho nacho (2 Wakorintho 8:11). Hata sisi tunacho cha kutoa.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewatunza vijana wanne Babeli, watunze na hawa wa kwetu. Wape akili na uvumilivu. Nasi utupe macho ya kumwona anayechoka kabla hajaanguka. Kwa jina la Yesu. Amina.