Asiyepewa Jina

Katika riwaya ya Mary Shelley, wengi huliona kosa la Victor Frankenstein katika kule kuthubutu kuunda uhai. Mimi silioni hapo. Kiumbe alipofumbua jicho, aliyemuunda alitoka mbio chumbani, asimpe hata jina. Mwandishi aliyajua haya: mwaka 1815 alizaa binti asiyetimiza miezi, akafa bila ya jina, na kitabu kilipotoka London mwaka 1818, mtungaji hakutajwa. Kiumbe alijifunza kusema kwa kutega sikio kibandani mwa watu. Akalijua neno “baba” kabla ya kusoma, katika karatasi alizozikuta mfukoni, ni nani aliyemfanya. Wasomaji, kwa kukosa la kumwita, wakambandika jina la Frankenstein. Wamekosea, husema walimu. Naona wamemrudishia nasaba aliyonyimwa.