Amri na Neema

Wengine huuliza: ikiwa neema ya Mungu yatolewa bure, amri zake zafaa nini? Tumtazame Mwenye Heri Isidore Bakanja wa Kongo, aliyebatizwa mwaka 1906. Kwa kuwa alikataa kuvua skapulari ya Bikira Maria, alipigwa mijeledi vikali, akafa kwa vidonda vyake mwaka 1909. Bwana Yezu atuamuru kuwapenda adui zetu. Nani aliweza neno hilo kwa nguvu zake mwenyewe? Lakini Bakanja alimsamehe mzungu aliyeamuru apigwe, akaahidi kumwombea. Amri ilimwonyesha njia. Neema ilimpa nguvu ya kuifuata. Basi, usiseme: Nikisha kubatizwa, amri hazinihusu tena. Wala usikate tamaa ukijiona dhaifu. Omba neema, kisha utii.