Mlinzi Angoje Mpaka Lini?

Wazee wa Tenke waijua vema stesheni yao, mahali reli itokayo Lubumbashi igawanyikapo: moja yaenda Bukama, nyingine Kolwezi na Dilolo. Zamani, gari la moshi lilipoondoka stesheni ya jirani, habari ilipita katika waya ikafika kwanza, gari lenyewe lingali mbali. Hakuna mtu aliyelishinda gari kwa mbio. Habari ndiyo iliyolishinda.

Ndivyo lilivyo onyo la tetemeko la nchi, litumikalo siku hizi Japani, Meksiko na kwingineko. Wengi hudhani kwamba wataalamu hutabiri tetemeko. Sivyo. King'ora cha machimbo hulia kabla ya baruti, kwa sababu mwenye kukipiga ajua baruti itawashwa saa ngapi. Saa ya tetemeko haijulikani. Onyo lake hutolewa baada ya mwamba kukatika chini ya ardhi.

Mwamba ukikatika, mawimbi ya namna mbili hutoka pamoja. La kwanza hukimbia kama kilometa 6 kwa sekunde, na kwa kawaida haliharibu sana. La pili hukimbia kama kilometa 3 na nusu, nalo ndilo libomoalo nyumba. Vyombo vilivyo karibu hulisikia la kwanza, kompyuta hukadiria nguvu ya tetemeko, na habari hupelekwa kwa redio na simu, upesi kuliko mawimbi yote mawili. Mtu aliye mbali kilometa 100 aweza kupata sekunde 15 hivi. Aliye mbali kilometa 20 tu hufikiwa na wimbi la pili katika sekunde 6, na huenda onyo likawa bado njiani. Basi walio karibu zaidi na hatari ndio wasiosaidiwa.

Hapo lazuka swali la dhamiri. Kompyuta ikingoja kidogo, itajua zaidi. Lakini kila sekunde ya kungoja imenyang'anywa mama aliye ndani na mtoto wake. Je, mlinzi apige kengele angali na shaka, au angoje mpaka awe na hakika?

Tuyatazame yaliyotokea katika mji wa Mexico mwaka 2017. Tarehe 6 Septemba king'ora kililia kwa kosa. Hapakuwa na tetemeko. Kesho yake usiku kililia tena, na mara hii lilikuwa tetemeko kubwa kutoka pwani ya mbali. Watu walipata zaidi ya dakika moja ya kutoka nje. Ole wake aliyesema, "Jana kilitudanganya," akabaki kitandani! Tarehe 19 mwezi uleule tetemeko lingine lilitokea karibu zaidi. Mara hiyo wengi waliona mtikiso kabla ya king'ora, au wakati uleule. Watu zaidi ya 300 walikufa katika nchi.

Jibu letu ni hili: yatupasa kupima kile ambacho onyo lamdai mtu. Likimdai jambo dogo, kama kuondoka ukutani, kujificha chini ya meza imara au kupunguza mwendo wa gari la moshi, mlinzi ana haki ya kusema kabla ya kuwa na hakika yote. Likidai jambo kubwa, kama kuhamisha mji mzima, hana budi kuwa na sababu nzito zaidi. Na akikosea, akiri wazi saa ileile, maana mlinzi afichaye kosa lake huziba masikio ya watu kwa siku ya kweli. Naye msikilizaji asimdharau kwa kosa moja. Afadhali kutoka nje mara tatu bure kuliko kubaki ndani mara moja.

Lakini sisi wa Lualaba hatuna king'ora cha namna hiyo, wala tusifikiri kwamba matetemeko ni ya mbali. Tarehe 5 Desemba 2005 nchi ilitetemeka Ziwa Tanganyika, na nyumba za Kalemie zikabomoka. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, ilitetemeka karibu na Bukavu. Ng'ambo ya mpaka, huko Rusizi nchini Rwanda, kanisa liliwaangukia watu waliokuwa wakisali. Walio karibu hivyo na chanzo, hata chombo bora kisingeweza kuwapa zaidi ya sekunde chache.

Tena, onyo halishiki ukuta. Sekunde 10 ni mali kwa mtoto aliyekwisha fundishwa mahali pa kukimbilia. Kwa asiyefundishwa ni za hofu tu. Fundi apunguzaye saruji, aachaye kuzifunga kuta kwa vyuma, naye ni mlinzi aliyenyamaza. Tena yeye hawezi kusema kwamba muda ulikuwa mfupi: alikuwa na siku zote za kujenga.